Feni ya dari inazunguka, taa yake imekufa: mahali pa kuanza kutafuta kosa

Joto la Septemba na Oktoba linapokaza hapa Lubumbashi, kabla mvua haijafungua, feni za dari huzunguka mchana na usiku. Ndipo watu wanapofika kwenye kituo chetu cha mafunzo ya umeme na swali lilelile: "Fundi, feni inazunguka vizuri, lakini taa yake haiwaki tena. Ninunue nyingine?" Mara nyingi jibu ni hapana. Kosa huwa dogo, na kipande cha kubadilisha ni cha bei ndogo sana kuliko feni nzima. Lakini namna ya kulitafuta ina hatari yake, na hatari hiyo ndiyo inayonisukuma kuandika.

Feni inayozunguka imekwisha kutuambia mengi. Injini na taa hulishwa na umeme uleule unaofika darini. Kama injini inapata, basi kontere (mita ya umeme) ina yuniti, dijonkteri (swichi kuu inayojikata yenyewe penye hitilafu) haijaanguka, na waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, unafika juu. Kinachobaki ni njia fupi ya taa peke yake: ampuli (balbu), soketi inayoishika, swichi ya mnyororo au kisanduku cha rimoti, viungio vya waya chini ya kifuniko, na pale penye swichi mbili ukutani, waya unaotoka kwenye swichi ya taa. Vikifa vyote viwili, feni na taa, hilo ni jambo lingine. Angalieni kwanza kontere na dijonkteri, msipande ngazi bure.

Sasa hatari. Watu wengi mjini kwetu hungoja delestaji, yaani mgao wa umeme, ndipo wafungue taa au feni. Wanafikiri: umeme umekwenda, basi ni salama. Papa na mama, tafadhali acheni desturi hiyo. Umeme wetu unatoka mbali. Unatoka Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, na mwingine unatoka Inga kwa laini ya kilomita karibu 1,700 hadi Kolwezi, iliyokamilika 1982. Katika safari ndefu namna hiyo, hakuna mtu wa mitaa yetu ya Katuba au Ruashi anayeweza kukwambia dakika utakayorudi. Unarudi ukiwa juu ya ngazi, vidole vikiwa kwenye waya ulio wazi, na volti 220 hazikupi nafasi ya kushuka. Mkondo wa miliampea 30 tu ukipita kifuani kwa muda unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Na hata usipokuua wenyewe, mshtuko unakuangusha kutoka juu, nayo sakafu ya simenti haina huruma. Tena kuna jirani mwenye groupe (jenereta), na kuna betri zenye inveta: nyumba iliyounganishwa vibaya inaweza kupata umeme kutoka huko hata wakati mtaa mzima uko gizani.

Kwa hiyo dijonkteri ishushwe kwa mkono, delestaji iwepo au isiwepo. Mwambieni kila aliye nyumbani, watoto pia, kwamba haiguswi mpaka kazi iishe. Kama kisanduku cha dijonkteri kina mlango, kifungeni. Swichi ya ukutani haitoshi. Katika nyumba nyingi za zamani, na katika zile zilizounganishwa haraka, fundi alikata nyutro kwenye swichi badala ya kukata fazi, waya unaoleta umeme. Taa inazimika, lakini soketi darini bado ina umeme kamili. Dalili moja ya kosa hilo ni ampuli ya LED inayobaki na mwanga hafifu usiku, ingawa mmeizima. Mkiiona, mwiteni fundi hata kama feni haina shida yoyote.

Baada ya kuzima, hakikisheni. Ile bisibisi ya testeri yenye taa ndogo ndani ni msaada, lakini inadanganya: ikiharibika haiwaki, nawe unadhani umeme haupo. Ijaribuni kwanza kwenye prizi (tundu la umeme ukutani) mnayojua ina umeme, kisha darini, kisha rudini tena kwenye prizi ileile. Dakika mbili hizo nawaomba msizifanyie uvivu. Ngojeni mabawa yasimame kabisa, na tumieni ngazi iliyo imara. Kiti juu ya meza si ngazi.

Upande wa ampuli unakwisha upesi. Chukueni ampuli nzima kutoka taa nyingine inayowaka na mjaribu nayo. Ikiwaka, kazi imekwisha. Hata hivyo tazameni ile iliyokufa kabla ya kuitupa. Kama imeandikwa volti 120, ilitengenezwa kwa ajili ya nchi zenye umeme wa namna hiyo, kama Marekani, na kwetu haiwezi kuishi. Kama ni ya LED na imekufa mapema, mara nyingi kilichoungua ni saketi ndogo iliyo shingoni mwake. Vitu viwili huiua: joto linalonaswa ndani ya kioo kilichofungwa pande zote, na mruko wa volti pale umeme unaporudi baada ya delestaji. Ndiyo maana tunashauri umeme ukikatika mzime taa, feni na friji, mwache taa moja tu ya kuwaambia kwamba umerudi, kisha mngoje dakika chache kabla ya kuwasha vingine.

Ampuli mpya nayo isipowaka, tazameni ndani ya soketi, dijonkteri ikiwa chini. Katikati ya soketi ya skrubu kuna ulimi mdogo wa shaba. Ampuli ikikazwa kwa nguvu miaka mingi, ulimi huo hulala na kuacha kugusa kitako cha ampuli. Uinueni kidogo sana, kiasi cha milimita chache, kwa kitu kisicho cha chuma. Soketi za pini mbili zina vijiti vyenye springi. Springi ikichoka kwa joto, kijiti kinabaki chini. Plastiki iliyoungua au shaba iliyo nyeusi haisafishwi, inabadilishwa.

Kisha kuna mnyororo. Feni zenye minyororo miwili, mmoja wa kasi na mmoja wa taa, hufa sana kwenye swichi hiyo ndogo. Mkivuta na msisikie mlio, au mnyororo ukirudi umelegea, mwaweza kuishuku. Mwenye maltimeta (kipimo cha umeme) aipime umeme ukiwa umezimwa na waya zake zimefunguliwa: mvuto mmoja njia ifunguke, mvuto wa pili ijifunge. Isipobadilika, imekufa. Feni nyingine, hasa zile zilizotengenezwa kwa kufuata kanuni za Marekani, zina kisanduku kingine kidogo kwenye njia ya taa, kinachozuia taa zisivute nguvu kupita kiasi. Sheria ya nishati ya nchi hiyo ya 2005 ilileta kikomo cha wati 190 kwa taa za aina fulani za feni. Mtu anaweka ampuli kubwa za zamani, kisanduku kinakata, naye anaamini feni imeharibika. Wekeni LED ndogo, zimeni kwa muda, washeni tena. Kikikataa hata hapo, kimeungua.

Feni ya rimoti nayo ina kisanduku cha kupokea, kilichofichwa chini ya kifuniko cha juu. Ikitii rimoti kwa kasi lakini si kwa taa, betri za rimoti ni nzima na kosa liko kwenye kitufe cha taa, kwenye tawi la taa ndani ya kisanduku, au kwenye taa yenyewe. Zimeni umeme kwa nusu dakika hivi na muwashe tena, kwa sababu visanduku vingine hupoteza kumbukumbu baada ya kukatika kwa umeme. Na zile feni mpya ambazo taa yake ni sahani ya LED isiyo na ampuli zinahitaji kubadilishiwa draiva, kile kisanduku kidogo kinacholisha LED umeme. Draiva mpya ilingane na ya zamani katika miliampea na volti za kutoka, kama zilivyoandikwa kwenye karatasi yake.

Jambo la rangi za waya nataka kulikazia, maana limepoteza feni nyingi na limewatisha mafundi vijana. Katika ukuta wa nyumba yetu, bluu ni nyutro, kahawia ni fazi, kijani na manjano ni waya wa ardhi. Lakini feni nyingi zinazofika hapa kupitia mpaka wa Kasumbalesa, hata zile zilizotengenezwa Uchina kwa volti 220, zinafuata rangi za Marekani: nyeupe ni nyutro, nyeusi ni fazi ya injini, na bluu ni fazi ya taa. Fundi anaona bluu mbili, anaziunganisha, na taa ya feni inakaa kwenye nyutro pande zote mbili. Feni inazunguka, taa haiwaki hata siku moja. Kama taa yenu haijawahi kuwaka tangu feni ilipofungwa, anzieni hapo kabla ya kununua chochote, na someni mchoro uliokuja na feni. Na katika nyumba za zamani msiamini rangi yoyote mpaka imepimwa.

Chini ya kifuniko cha juu cha feni tazameni viungio. Feni hutetemeka daima, na skrubu za domino, vile viungio vidogo vya kuunganishia waya, hulegea polepole. Waya zilizosokotwa na kufungwa utepe tu ni mbaya zaidi: chini ya mabati joto linalainisha gundi, utepe unafunguka, waya unabaki wazi. Kila waya uvutwe kidogo kwa mkono. Unaochomoka ndio huo.

Kuna nyumba ambako feni iliwekwa mahali pa taa ya zamani, na taa yake ikaunganishwa baada ya kile kisanduku cha kasi cha ukutani. Hapo taa hupungua feni ikienda polepole, LED zinapepesa, na mwishowe zinaungua moja baada ya nyingine. Kubadilisha ampuli hakutasaidia kitu. Taa inatakiwa kupata fazi yake kabla ya kisanduku cha kasi, kwa waya wake na swichi yake.

Kupima umeme ukiwa hai ni kazi ya fundi aliyefunzwa, lakini ni vizuri mjue anachotafuta, ili mwelewe anachowalipisha. Kwenye soketi ya taa, swichi zote zikiwa zimewashwa, fazi na nyutro zikitoa karibu volti 220, kosa liko kwenye ampuli au mguso wake. Zikitoa sifuri, ilhali fazi na waya wa ardhi zinatoa 220, nyutro ya taa imekatika. Sifuri kote maana yake fazi imepotelea njiani, na atarudi nyuma kwenye mnyororo, kisanduku, domino, mpaka swichi ya ukutani. Mwiteni pia bila kungoja mkisikia harufu ya kuungua, dijonkteri ikianguka kila mnapowasha taa, au feni ikianza kuning'inia upande.

Mkienda sokoni kutafuta swichi ya mnyororo, bebeni ile ya zamani, na kabla ya kuichomoa pigeni picha ya waya zake kwa simu. Mpya iwe imeandikwa ampea 3 kwa volti 250 au zaidi; iliyoandikwa volti 125 peke yake irudisheni. Kila kitu kikisharudishwa na kifuniko kufungwa, pandisheni dijonkteri, washeni taa, kisha acheni feni izunguke kwa kasi yake kubwa kwa robo saa. Taa ikipepesa wakati feni inatetemeka, bado kuna kiungio kilicholegea: shusheni dijonkteri tena na mrudi kwenye domino.