Kujiundia amplifaya kubwa: nafuu iko wapi?

Ukiuliza bei ya amplifaya ya ukumbini hapa Mwanga, Kigoma, hakosi mtu wa kukuambia: "Kaka, unda mwenyewe, utalipa nusu." Zamani ilikuwa kweli. Kwa mashine kubwa, siku hizi si hivyo.

Watu wanahesabu transista, ilhali pesa iko kwenye transfoma. Wati 400 za kweli kwenye spika ya omu 8 zinadai volti 80 na ampea 10, zote za kileleni, yaani pale wimbi la sauti linapofika juu kabisa. Saketi ya kawaida ya daraja AB hupoteza umeme mwingi kama joto, kwa hiyo utahitaji transfoma ya kilo kadhaa, kapasita nene na aluminiamu ya kupozea pana kama sinia la pilau. Kiwanda kinanunua vitu hivyo kwa maelfu. Wewe kimoja kimoja, na transista bandia aina ya C5200, zile za kusukuma spika, zipo tele.

Ukiwa na transfoma nzima iliyotoka kwenye mashine mbovu, hapo sawa, unda. Ila siku ya kuwasha mara ya kwanza, pitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 100, iliyofungwa mfululizo, yaani kwenye njia ya waya mmoja wa umeme unaoingia kwenye amplifaya. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikikaa inawaka kali, zima: kuna shoti.