Makubaliano kwanza, boksi baadaye: kutunza kumbukumbu za mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia

Mtu akifariki, ndugu husafisha chumba chake ndani ya siku chache, na karatasi za kwanza kuchomwa ni zile zinazoonyesha alimpenda nani. Barua, picha za sherehe, kadi ya uanachama, fulana ya maandamano, daftari la mikutano: vyote huonekana aibu au takataka. Ndiyo maana historia ya mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia ni nadra katika nyaraka za serikali, na ikipatikana mara nyingi ni jalada la polisi au la mahakama, lenye tarehe ya kukamatwa na kifungu cha sheria, basi.

Pengo hilo huzibwa na jamii yenyewe. Lesbian Herstory Archives, hifadhi ya nyaraka za wasagaji, ilianza mwaka 1974, ikawekwa katika nyumba aliyokuwa akiishi Joan Nestle jijini New York, kabla ya kufungua jengo lake Brooklyn mwaka 1993. Inaendeshwa na watu wa kujitolea, na vitabu vyake hupangwa kwa jina la kwanza la mwandishi, si la ukoo. Kwa Afrika, mfano ulio karibu ni GALA ya Johannesburg, hifadhi ya nyaraka za mashoga na wasagaji, iliyoanzishwa mwaka 1997 na yenye makao katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Humo zimo nyaraka za Simon Nkoli, mwanaharakati aliyekamatwa mwaka 1984, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake 21 katika kesi ya Delmas, na kuachiwa huru mwaka 1988. Zimo pia barua alizomwandikia mpenzi wake akiwa mahabusu. Anayetaka kuelewa jinsi mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi na madai ya mashoga yalivyokutana Afrika Kusini ataanzia kwenye karatasi kama hizo, na zipo kwa sababu aliyezipokea alizitunza.

Kosa linaloua hifadhi nyingi changa za nyaraka ni kupokea vitu kwanza na kuuliza maswali baadaye. Mkiwa kikundi kinachoanzisha hifadhi, andaeni fomu ya ukurasa mmoja, nakala mbili, moja abaki nayo mtoaji. Iseme vitu ni zawadi au ni vya kuazima. Iseme nani aruhusiwe kuviona, na kuanzia lini: leo, baada ya miaka 30, au baada ya mtoaji kufariki. Iandike kama jina lake litajwe au lifichwe, nani ataamua yeye akishaondoka, na vitu viende wapi kikundi kikivunjika. Kipengele hicho cha mwisho watu hukiruka kwa kuona haya, na ndicho kinachohitajika mapema kuliko vyote, kwa kuwa vikundi vya kujitolea huvunjika. Jambo jingine linalowashangaza wengi: hakimiliki ya barua ni ya aliyeiandika au warithi wake, hata kama karatasi iko mikononi mwa aliyeandikiwa. Mtoaji anaweza kuwapa boksi zima la barua bila kuwa na uwezo wa kuwaruhusu mzichapishe.

Vitu vikifika, msiviweke moja kwa moja pamoja na vingine. Vifunguliwe kwenye chumba tofauti, vikaguliwe kama vina mchwa, mende au kuvu. Karatasi na vitambaa vyenye wadudu vifungwe kwenye mfuko wa plastiki uliotolewa hewa, viwekwe kwenye friza ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au zaidi, kisha viachwe virudi kwenye joto la chumba ndani ya mfuko uleule kwa siku nzima. Ukiufungua mapema, maji yatatua juu ya karatasi. Kaseti na picha zisiingie friza.

Adui mkubwa wa mwambao ni unyevu. Kuvu huanza kuota unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65 hivi, na Mombasa au Dar es Salaam kiwango hicho hupitwa sehemu kubwa ya mwaka. Kipima unyevu kidogo cha mezani kina faida kuliko kabati la gharama. Rafu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu, isiegemee ukuta wa nje. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku kina madhara yake, maana karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku. Afadhali feni na madirisha yanayopitisha hewa muda wote.

Kila karatasi ina ugonjwa wake. Pini za stepla na klipu hupata kutu na kuacha alama ya kahawia, kwa hiyo ziondolewe kwa kibanzi chembamba, zisivutwe kwa kucha. Raba bendi huyeyuka na kugandamana. Selotepu isibanduliwe na asiye fundi, wala isiongezwe nyingine. Vipande vya magazeti huwa njano na kuharibu karatasi iliyo jirani, hivyo vitengwe. Faksi na risiti zilizochapwa kwa joto hufifia hadi kuwa karatasi tupu. Hizo zitolewe fotokopi wiki ileile. Namba ya kitu iandikwe kwa penseli laini, nyuma, kwenye kona. Picha ziwekwe kwenye mifuko ya poliesta au karatasi isiyo na asidi, kamwe si albamu za plastiki ya PVC zinazonata. Negativu zikinuka siki, zimeanza kuoza na zitaambukiza nyingine: zitengeni, zipigeni skani mapema. Fulana zilazwe bapa, na mikunjo ijazwe karatasi laini isiyo na asidi ili isikatike.

Kaseti za sauti na VHS zitangulizwe kuliko karatasi, kwa sababu mashine za kuzichezea zinakwisha. Kabla ya kucheza, vunjeni vile vijino vya plastiki ukingoni ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Sauti ihifadhiwe kama WAV, aina ya faili isiyopunguza ubora. Maandishi yapigwe skani kwa dpi 300 (nukta kwa inchi), picha kwa dpi 600, na nakala mama iwe TIFF, faili ya picha isiyopunguza ubora. Watu wakiwatumia picha kwa WhatsApp, waombeni wazitume kama faili. Zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ubora na tarehe ya kupigwa hupotea.

Tarehe 6 Mei 1933 wafuasi wa Nazi walivamia taasisi ya utafiti wa jinsia ya daktari Magnus Hirschfeld jijini Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1919, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa hadharani. Kila kitu kilikuwa mahali pamoja. Leo kanuni ya kawaida ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikiwa mji mwingine. Kwa eneo letu ni bora hiyo ya tatu iwe nchi nyingine. Kanuni za adhabu za Kenya, Tanzania na Uganda zinahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, na Uganda ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2023. Katika hali hiyo, orodha ya majina ni hatari kuliko boksi lenyewe. Mpeni kila mtoaji namba, na faili la kompyuta linalounganisha namba na jina likae mbali na nyaraka, likiwa limefungwa kwa nywila. Kinachoweza kumtia mtu gerezani leo kisipokelewe kabisa. Kumkatalia mtoaji nako ni kazi ya mtunza nyaraka.

Kushirikisha umma kuna mitego yake. Kwenye PDF, kisanduku cheusi kilichochorwa juu ya jina hakifuti kitu, na mtu akinakili maandishi atalipata jina. Chapeni ukurasa, zibeni jina, kisha upigeni skani upya. Uso uzibwe kwa rangi nzito, si kwa kuutia ukungu. Picha za simu huficha ndani yake mahali zilipopigwa. Taarifa hiyo ifutwe kwenye nakala ya umma, ibaki kwenye nakala mama.

Ugumu zaidi uko kwenye picha za umati. Katika maandamano ya mashoga na wasagaji ya Johannesburg ya tarehe 13 Oktoba 1990, ya kwanza ya aina yake Afrika Kusini, baadhi ya washiriki walivaa mifuko ya karatasi kichwani ili wasitambuliwe. Aliyevaa mfuko alishaamua. Aliyetembea uso wazi alikubali kuonwa na watu wa mtaa ule, siku ile. Hakukubali kutafutwa kwa jina na mwajiri wake miaka 30 baadaye. Kwa hiyo msiandike majina chini ya sura bila idhini. Chini ya kila picha wekeni anwani ya kuomba iondolewe, na ombi likija, picha ishushwe siku hiyohiyo. Majadiliano na mwombaji yafuate baadaye.