Jiko la mkaa haliui kwa kumaliza oksijeni

Kila baridi ya Juni inapoingia Njombe, Makete na Limuru, nasikia maelezo yaleyale: jiko limemaliza hewa chumbani. Hapana! Kinachoua ni kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye mkaa. Na imani hii inaua, maana mwenye nayo huacha dirisha wazi upana wa kidole, huweka beseni la maji pembeni, kisha hulala bila wasiwasi.

Hewa unayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Unayoitoa bado ina 16. Kwenye vifuko vya mapafu, shinikizo la oksijeni ni kama milimita 100 za zebaki, na damu inayofika ina 40, basi oksijeni inavuka ukuta usiofika hata maikromita 1. Kaboni dioksidi inatoka vivyo hivyo, shinikizo la 46 kwenye damu kwenda 40 kwenye vifuko. Seli nyekundu hupita pale kwa robo tatu ya sekunde, na theluthi ya muda huo yatosha.

Shida iko kwa mbebaji. Himoglobini, protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, ina viti vinne, na kaboni monoksidi huking'ang'ania kiti kwa nguvu kama mara 240 kuliko oksijeni. Ikiwa asilimia 0.1 tu ya hewa, huku oksijeni ingali karibu 21, baada ya saa chache inaweza kukalia nusu ya himoglobini yote. Tena oksijeni iliyopata kiti kwenye himoglobini hiyohiyo haishuki kirahisi kwenye misuli na ubongo. Ndiyo sababu mwenye upungufu wa damu wa nusu anaweza kufika kliniki kwa miguu, ila huyu wa jiko anazimia. Wala hatweti: vihisio vya shingoni hupima oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu, nayo iko sawa. Anaumwa kichwa, anachefukwa, anasinzia.

Sasa kile kipimo cha kidoleni, kinachosoma asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni. Jamani, msikiamini hapa. Kinatumia mwanga mwekundu na infraredi, na himoglobini iliyobeba kaboni monoksidi ni nyekundu, kwa hiyo inahesabiwa kuwa imejaa oksijeni. Kitasoma 98 kwa mtu anayekufa. Mtoe nje, mpe oksijeni asilimia 100 kwa barakoa yenye mfuko, usingoje maabara. Kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi hutoka kwa saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni safi, dakika 60 hadi 90.

Nikiri jambo: kiwango cha gesi kwenye damu hakilingani vizuri na hali ya mgonjwa. Mmoja gesi imekalia asilimia 20 ya himoglobini yake naye amezimia, mwingine asilimia 30 naye anaongea. Himoglobini peke yake haielezi yote, na kuhusu chemba za shinikizo, ambamo mgonjwa huvuta oksijeni kwa shinikizo kubwa, tafiti zimegongana.

Mkaa uliokolea usiotoa moshi bado unatoa gesi hii, haina harufu, na maji ya beseni hayainasi. Jiko litoke nje kabla ya kulala, hata likibaki na makaa matatu chini ya majivu.