Nasikia sauti ila maneno siyapati: maswali kuhusu sinapsi za sikio

Swali: Nimepima masikio nikaambiwa niko fiti kabisa, ila nikiwa kwenye harusi mtu akiniongelesha nasikia sauti tu, maneno siyapati. Ndo nini hii?

Kwanza hujichanganyi. Kile kipimo cha kuvaa hedifoni na kubonyeza ukisikia "tiii" kinaangalia sauti ndogo kabisa unayoweza kuinasa ukiwa chumba kimya, basi. Kuchambua maneno katikati ya makelele ni kazi nyingine, na inawezekana shida iko kwenye sinapsi, yaani pale seli ya sikio inapokabidhi taarifa kwa neva.

Swali: Inakabidhije?

Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, imejikunja kama konokono, na humo kuna seli zenye vinyweleo kichwani. Zile za safu ya ndani ndo zinazotusikilizisha dunia, nazo ni kama 3,500 tu kila sikio, ikifa moja hairudi. Sauti ikiingia vinyweleo vinainama, vitundu vinafunguka, potasiamu inaingia, umeme wa seli unabadilika, afu huku chini milango ya kalsiamu nayo inafunguka, na kalsiamu ikishaingia ndo vile vifuko vidogo vilivyobeba kemikali ya glutameti vinajibandika kwenye ukuta wa seli na kumwaga mzigo nje, neva inaudaka inapeleka habari kwenye ubongo. Yote hayo hujapepesa jicho.

Swali: Si neva zote zinafanya hivo?

Hapana bwana. Neva ya kawaida inapiga shoti, inamwaga, inapumzika. Seli ya sikio haipigi shoti, inakwenda kwa kipimo: sauti ndogo inamwaga kidogo, sauti kubwa inamwaga nyingi, na haina ruhusa ya kuchoka hata spika ikilia usiku kucha. Kwa hiyo imewekewa utepe, kidude cha protini kilichoshikilia vifuko kibao karibu na mlango. Mfikirie mama ntilie saa saba mchana: sahani za wali zimeshapakuliwa, zimefunikwa, zimepangwa mezani kabla wateja hawajamiminika, wewe ukikaa tu unasukumiwa yako na huku nyuma nyingine inapakuliwa. Kila seli ina meza za hivo 10 hadi 20 hivi, na kila meza ina uzi wake wa neva.

Macho nayo yana sinapsi za utepe, ila yenyewe yana vituko, yanamwaga glutameti gizani na mwanga ukija yanapunguza.

Swali: Sasa kelele inaharibu nini hapo?

Glutameti ikizidi, ncha za neva zinavimba na zingine zinajitoa kwenye seli. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani Sharon Kujawa na Charles Liberman waliwapigia panya kelele ya desibeli 100 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa masaa mawili tu. Baada ya wiki chache vipimo vya kusikia vikarudi vizuri, seli zote zipo, ila walipohesabu sinapsi kwenye eneo lililoumia zaidi wakakuta karibu nusu zimeondoka na hazikurudi. Kwa binadamu hatuwezi kufungua sikio la mtu mzima wa afya tukahesabu, lakini masikio ya marehemu yanaonyesha nyuzi za neva zinapungua na umri hata pale ambapo seli bado zipo. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 usizidishe masaa 40 kwa wiki, na ikifika 100 ni dakika 20 tu, kwa wiki nzima! Sasa mtu anakesha kwenye ngoma ya kigodoro pembeni ya spika mpaka alfajiri, asubuhi masikio yanapiga filimbi, mchana yakitulia anasema nimepona.

Swali: Matone ya kitunguu saumu yanasaidia?

Hayafiki. Yanaishia kwenye ngoma ya sikio, koklea iko nyuma yake huko.

Swali: Mtoto wa dada angu alipimwa na kile kijispika cha sikioni, akapita, ila hashtuki hata mlango ukibamizwa.

Msikubali yale majibu yaishie hapo. Kile kijispika kinasikiliza mwangwi wa seli za safu ya nje, hakigusi sinapsi. Kuna watoto wanazaliwa na hitilafu kwenye jeni ya otofelini, protini inayoviambia vifuko "mwaga sasa" kalsiamu ikiingia, kwa hiyo sahani zimejaa mezani ila hakuna wa kuhudumia. Ombeni kipimo cha vibandiko kichwani, kile kinachosoma umeme wa neva mtoto akiwa amelala. Ikionekana ni hiyo, kifaa cha kupandikiza kwenye koklea huwa kinawafaa maana kinairuka sinapsi na kuichokoza neva moja kwa moja, na mwaka 2024 madaktari wa China walitoa ripoti ya watoto waliopewa jeni isiyo na hitilafu ikibebwa na virusi visivyo na madhara, wengi wao wakaanza kusikia. Ila kipimo kwanza, na kifanyike mapema kabla umri wa kujifunza kuongea haujampita.