Uwiano wa Palma: kupima pengo kati ya wa juu na waliobaki

Chukua kitongoji cha nyumba 10 upande wa pwani ya Jambiani, hapa Zanzibar. Ni cha mfano tu, lakini maisha yake tunayajua. Nyumba 9 zinaishi kwa mwani, uvuvi na vibarua, na kila moja inaingiza shilingi 200,000 kwa mwezi. Ya 10 ni ya mwenye hoteli, anaingiza 4,200,000. Jumla ni milioni 6, kwa hiyo wastani ni 600,000 kwa nyumba. Ipitie mitaa yote ukiitafuta nyumba yenye 600,000, hutaipata. Mwakani mwenye hoteli akiingiza milioni 5.2 na wenzake wakabaki palepale, wastani utapanda hadi 700,000, na mama anayefunga mwani kwenye kamba ataambiwa kipato kimekua.

Uwiano wa Palma unauliza swali jengine: asilimia 10 ya watu walio juu kabisa wanapata mara ngapi ya kile wanachopata asilimia 40 walio chini? Kwenye kitongoji chetu, 4,200,000 ukigawa kwa 800,000 za nyumba 4 za chini unapata 5.25. Mwakani ni 6.5. Wastani ulileta habari njema, Palma inaonyesha imemfikia nani.

Kwa nini 10 na 40? José Gabriel Palma, mchumi kutoka Chile, alionyesha kwamba katika nchi nyingi ile nusu ya watu walio katikati hupata takriban nusu ya pato lote, na fungu lao halitofautiani sana baina ya nchi na nchi. Kinachotofautiana ni nusu iliyobaki: wa juu wamechota kiasi gani, na wa chini wamebakiziwa nini. Ndiyo maana kipimo hiki kinawaacha wa kati.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni cha Gini, kilichotungwa na Mtaliana Corrado Gini mwaka 1912. Kinaanzia 0, watu wote wakiwa sawa, na kupanda kuelekea 1, mmoja akichukua vyote. Ni kizuri, ila kinameza mengi. Nyumba moja ikichukua asilimia 60 na 9 zikagawana zilizobaki sawasawa, Gini ni 0.5. Nyumba 5 zikigawana pato lote sawasawa na 5 zikakosa kabisa, Gini ni 0.5 vilevile. Hivyo ni vitongoji viwili tofauti kabisa, na shida zake hazitibiwi kwa dawa moja.

Kuna jambo zito zaidi ya hesabu, nalo ni nani aliyeulizwa. Takwimu zetu za umasikini zinatokana na utafiti wa bajeti za kaya, ambao huangalia zaidi matumizi kuliko mapato. Sababu ni ya haki: mchumaji karafuu wa Wete, Pemba, analipwa kwa pishi wakati wa msimu, na msimu ukiisha fedha hiyo haipo, ukimuuliza mapato ya mwezi, atakujibu mwezi gani? Lakini tajiri hali chakula cha watu 20. Fedha inayobaki anaiweka au anajengea, na pengo la matumizi linakuwa dogo kuliko pengo la mapato. Huko Marekani, wachumi Thomas Piketty na Emmanuel Saez walitumia kumbukumbu za kodi kuwapima wa juu, katika utafiti waliouchapisha 2003. Kwetu wavuvi na wakulima wa mwani wengi hawamo kwenye kodi ya mapato, kwa hiyo njia hiyo peke yake haitoshi.

Na mwenye hoteli wetu akiwa anaishi ng'ambo, hahesabiwi kabisa kwenye kaya za Jambiani. Karani wa utafiti atakuta nyumba 9, zote za shilingi 200,000, na kipimo cha Gini cha kitongoji kitasoma 0.