Uzito wa Lenzi Si Kipimo cha Ubora: Dhana Potofu za Wapigapicha Wenye Umri Mkubwa

Karibu kila mstaafu anayeniomba ushauri wa vifaa huja na orodha ileile: kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa, yaani sehemu inayonasa mwanga), lenzi ya 24-70mm na ya 70-200mm, zote za f/2.8 (namba ya upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana), kwa kuwa ameaminishwa kwamba lenzi nzito ndiyo lenzi ya kweli na kwamba zilizobaki ni za wanaojifunza. Dhana hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu humla mtu akiba yake, kisha humla mabega, na mwishowe kamera hubaki kabatini.

Kati ya f/2.8 na f/4 kuna hatua moja tu, yaani mwanga mara mbili. Pengo hilo huzibwa kwa kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) kutoka 1600 hadi 3200, na chengachenga (madoadoa madogo) zinazoongezeka kwenye sensa za sasa huondolewa na programu ya kuhariri bila kuiharibu picha. Sasa tazama mizani. Canon EF 70-200mm f/2.8L IS II, ambayo wengi huinunua ikiwa imetumika, ina takriban gramu 1490. Ndugu yake wa mfululizo mpya zaidi wa RF, wa f/2.8, ana gramu 1070, na yule wa RF f/4 ana 695. Anayepiga picha za mandhari hupunguza tundu la lenzi hadi f/8 ili sehemu za karibu na za mbali zionekane wazi pamoja, na kwenye f/8 lenzi zote tatu hupitisha mwanga uleule kwa vitendo. Kioo kikubwa alichokilipia na kukibeba mlimani hakimfanyii kazi yoyote. Anayepiga michezo ya ndani au sherehe za usiku ana sababu ya kuihitaji f/2.8, nami simzuii, lakini wengi wanaoniuliza wanapenda ndege, maua na wajukuu mchana.

Hujibiwa kwamba uzito huutuliza mkono. Kwa muda mfupi wa mwanzo ni kweli, kwa sababu kitu kizito hakitikisiki kwa urahisi. Lakini mwambie mtu wa miaka 70 ashike lenzi ya kilo moja na nusu akimsubiri ndege aruke, nawe utaona kiwiko cha kushoto kikishuka polepole, kisha kikirudishwa juu kwa mshtuko mdogo. Ukiikuza picha yake kwenye kompyuta, kila unyoya una kingo mbili. Mfumo wa kuzuia mtikisiko husaidia sana, ila hutuliza kamera tu. Ndege anayegeuza kichwa ataendelea kutoka na ukungu. Kanuni ya zamani ya kutumia kasi ya shata ya 1/200 ya sekunde kwa lenzi ya 200mm iliwahusu wenye mikono imara. Mwenye mkono unaotetemeka namshauri aanze na 1/500 na aiache ISO ipande.

Kwa wapenda ndege, sensa ndogo ni jambo la kufikiriwa kwa uzito. Sensa ya Micro Four Thirds ina milimita 17.3 kwa 13, hivyo lenzi ya 300mm huona eneo lilelile ambalo kwenye fremu kamili lingehitaji 600mm. Kwenye giza hupoteza ubora fulani, na hilo lazima mnunuzi alijue kabla ya kulipa.

Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili na kudhani kamera ndogo kabisa ndiyo inayowafaa wazee. Vidole vyenye baridi yabisi haviwezi vitufe vidogo vilivyobanana, na kamera isiyo na mshiko wa kutosha humlazimisha mtu kuibana kwa nguvu hadi mkono uanze kuuma. Ishike ikiwa na lenzi utakayoitumia, ndipo uamue.

Kuhusu macho, acheni kuulaumu uzee kwa picha zenye ukungu ikiwa kamera ndiyo inayolenga fokasi. Daiopta, yaani kirekebishi cha ukali wa kidirisha cha kutazamia, hubadilisha unachokiona wewe tu, haigusi picha. Irekebishe ukitazama maandishi yaliyo ndani ya kidirisha hicho, wala si mandhari. Kidirisha cha kielektroniki kina faida nyingine: unaweza kukagua picha na kusoma menyu bila kutafuta miwani ya kusomea.

Mtoto wa jicho ni suala tofauti, kwa sababu hulitia jicho umanjano na kupunguza bluu inayoonekana. Mchoraji Claude Monet alisumbuliwa nalo hadi alipofanyiwa upasuaji mwaka 1923. Mpigapicha mwenye hali hiyo huongeza bluu wakati wa kuhariri bila kujua. Apige picha moja ya kadi ya kijivu katika mwanga uleule, kisha asahihishe rangi hadi namba za nyekundu, kijani na bluu kwenye kadi hiyo zilingane, bila kujali jicho linamwambia nini.