Ruzuku ya awali ya uzamivu ni nini?

Ruzuku ya awali ni fedha anayopewa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu kabla andiko lake la utafiti halijapitishwa. Haimlipii ada wala haimlishi miaka mitatu. Inampeleka uwandani siku chache akaone kama mada yake inatafitika.

Chukua mwanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayetaka kuandika juu ya Kongwa, kambi iliyopokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika kuanzia miaka ya 1960. Mada tamu. Lakini nyaraka za ANC, chama kimojawapo cha wapigania uhuru hao, zinahifadhiwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, na mwanakijiji aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa amevuka 80. Wazee hao wamebaki wangapi, na watakubali kuzungumza? Maktaba haina jibu la hilo.

Nauli ya kutoka Dodoma mjini hadi Kongwa si kitu. Fedha inaishia kwenye kukaa: barua ya chuo ipite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani, imfikie mtendaji wa kijiji, mzee yuko shamba, rudi kesho, na kama hujui Kigogo, lugha ya wenyeji, utafute mkalimani, naye anataka posho yake.

Wafadhili wenyewe wanalijua hilo. Mpango wa SSRC, baraza la utafiti wa sayansi za jamii la New York, kwa vyuo vya Afrika, Tanzania ikiwamo, ulioanza mwaka 2011, ulitenga fungu la kuandaa andiko peke yake, lisilozidi dola 3,000, mbali na lile la utafiti wenyewe lililofika dola 15,000. CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika lenye makao Dakar, nayo imekuwa ikitoa ruzuku ndogo za tasnifu katika insia na sayansi za jamii.

Wengi huharibu kwenye maombi. Wanaahidi matokeo, halafu bajeti nusu nzima ni kompyuta mpakato. Anayesoma maombi ya hatua hii anatafuta swali ambalo safari italiamua. Andika wazi: nikikuta wazee watatu tu wanaokumbuka kambi, nitaacha masimulizi ya wapiganaji na kuwafuata wanawake waliofanya nao biashara, nikikuta kumi na tano, nitabaki nilipo. Ripoti inayosema umebadilisha mada inapokelewa vizuri tu, mradi uoneshe ulichokikuta Kongwa kikakugeuza.